Jiwe Lililorudi Isimila

Waliotuuliza kama tulifika salama kutoka safari ya Uhehe, tulifika, asanteni. Mwezi huu twawaletea habari ya safari ile, nayo si habari ya kujisifu. Ndani yake limo kosa letu sisi tuandikao ukurasa huu. Tumeliandika kwa kuwa ni kosa jepesi kutendeka, na kila mwalimu apendaye wanafunzi wake aweza kulitenda.

Kijana mmoja wa Katumba alikuwa akimaliza masomo yake katika chuo kimoja huko Iringa, na wazazi wake wakatuomba tuwasindikize katika sherehe. Tulikuwa watu sita: baba na mama wa kijana, bibi yake mzaa baba, walimu wawili, na sisi. Tuliondoka Mpanda alfajiri kwa basi. Waijuao njia ile wajua kwamba haiendi mbali kabla ya kuingia katika mbuga ya Katavi. Tulipofika Sitalike tuliwaona viboko katika mto Katuma, wamebanana kama magunia ya mahindi ghalani. Twawataja viboko hao kwa kuwa tutawarudia. Tukapita Sumbawanga na Tunduma, tukalala Mbeya, na siku ya pili tukafika Iringa.

Sherehe ikaisha vema, nasi tukawa na siku mbili kabla ya kurudi. Wenyeji wetu wakatuambia, "Msirudi kwenu bila kuona Isimila na Igeleke." Tukakubali, tukaondoka asubuhi.

KORONGO LA ISIMILA

Mahali hapa pako karibu kilometa 20 kutoka mji wa Iringa, katika njia kuu iendayo Mbeya. Ukiwa barabarani huoni kitu: nchi imetandaa, ina nyasi na miti michache. Lakini ukitembea kitambo, ghafula nchi yakatika mbele ya miguu yako, na chini yake zasimama nguzo za mchanga na udongo ulioshikamana, nyingine ndefu kupita paa la kanisa letu. Kati yake mna njia nyembamba, na mtu akiita sauti yake humrudia.

Hakuna mtu aliyezichonga nguzo hizo. Ni kazi ya maji. Zamani sana hapa palikuwa na ziwa dogo la maji machache. Vijito vilileta mchanga na matope, vikalijaza tabaka juu ya tabaka, hata likakauka. Baadaye maji yale yale yaliyojenga yakaanza kubomoa. Kijito cha Isimila kikazikata tabaka hizo mwaka baada ya mwaka. Palipokuwa laini pakachukuliwa, palipokuwa pagumu pakabaki nguzo.

Sisi watu wa Katumba twajua makorongo. Twayaona yakizaliwa mashambani mwetu. Palipokatwa miti ya kukaushia tumbaku, masika mawili matatu hupita, na palipokuwa na njia ya ng'ombe pana mfereji. Masika mengine tena, na mfereji waweza kumficha mtoto. Kwa hiyo mwanzo hatukustaajabu sana. Bibi yetu alitazama kushoto na kuume, akasema, "Hili ni korongo kama letu, limezeeka tu."

Kiongozi wa mahali hapo, mtu wa makamo, alitusalimu kwa kwao, "Kamwene," nasi tukajitahidi kuitikia. Akatupeleka mahali palipoezekwa ili mvua isiharibu, akatuonyesha mawe yaliyolala chini. Hayo si mawe ya ovyo. Kila moja limepigwapigwa pande mbili hata likapata makali. Mbele lina ncha, nyuma lina mviringo wa kushikia. Huitwa mashoka ya mkono, maana hayakutiwa mpini. Yalishikwa kwa kiganja, kwa kuchuna wanyama, kukata nyama na kuchonga miti. Mengine hayana ncha bali ukingo mpana, na mengine ni ya mviringo kama mpira. Mengine tena ni makubwa mno, hata hatukuweza kuwaza mkono ulioyatumia ulikuwa wa namna gani.

Kiongozi akatueleza jinsi yalivyojulikana. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja wa Afrika ya Kusini, akipita katika nchi hii, aliyaona mawe hayo korongoni, akatambua kwamba ni kazi ya mikono. Mwaka 1957 na 1958 Bwana F. Clark Howell, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago, alikuja na wenzake wakachimba taratibu. Waliona vyombo vya mawe vingi sana, na pamoja navyo mifupa ya wanyama. Kati yake imo mifupa ya kiboko wa aina isiyokuwako tena duniani. Macho yake yalitokeza juu ya kichwa kupita ya viboko wa leo, hata akaweza kuzama majini na huku atazama nje. Bibi akacheka, akasema kwamba wale wa Sitalike ni wajukuu walioshushwa macho.

JINSI JIWE LIPATAVYO UMRI

Hapo mwalimu mwenzetu mmoja akauliza swali ambalo wakati ule hatukulijali, lakini baadaye lilitusumbua usingizi. Alisema, "Jiwe ni jiwe. Mmejuaje limechongwa lini?"

Kiongozi akajibu, "Jiwe halisemi, Mwalimu. Siku lilipochongwa haikuandikwa juu yake. Sisi twamwuliza jirani yake."

Akaeleza hivi. Mfupa uliozikwa ardhini hunywa maji ya ardhi, na katika maji hayo mna chembe ndogo sana za madini yaitwayo urani. Urani hugeuka kidogo kidogo kuwa kitu kingine, kwa mwendo usiobadilika, wala jua wala baridi haviuharakishi. Mtaalamu akipima ni kiasi gani kimekwisha kugeuka, aweza kukisia mfupa umelala ardhini muda gani, kama vile mtu aonavyo mshumaa umebaki nusu, akajua umewaka saa ngapi. Mifupa ya Isimila ilipimwa kwa njia hiyo, na habari zake zikatangazwa mwaka 1972: karibu miaka 260,000.

"Basi," akasema kiongozi, "jiwe lililolala pamoja na mfupa katika tabaka moja, mfupa hulitolea ushahidi. Ukiliondoa hapo, ushahidi umekwisha. Linabaki jiwe zuri tu."

Twajua kwamba hesabu hiyo ya miaka itawashtua wengine kati yenu, na watoto wataleta maswali nyumbani juu ya kitabu cha Mwanzo. Walimu, tusiwakemee. Mtoto aulizaye hajaasi. Tumwambie kwamba kitabu kile chatufundisha ni nani aliyeumba na kwa nini, na kwamba aliyeumba hakutukataza kuhesabu kazi zake.

KOSA LETU

Sasa twafika penye aibu. Tulipokuwa tukitembea kati ya nguzo, wenzetu walitangulia na kiongozi, nasi tukabaki nyuma kidogo. Chini, karibu na mguu wetu, tuliona jiwe limetokeza nusu katika mchanga. Tukainama, tukalitoa. Lilikuwa shoka la mkono, si kubwa, na ncha yake nzima. Lilienea kiganjani kana kwamba lilifanywa kwa ajili yetu.

Tukafikiri upesi sana, kama afikirivyo mtu aliyekwisha kukata shauri. Tulijiambia kwamba watoto wa Katumba husoma habari za zana za mawe katika vitabu tu, na wengi wao hawatafika Iringa. Tena tulijiambia kwamba masika yako mlangoni. Maji yatalichukua jiwe hili na kulitupa mtoni, lisionekane tena. Afadhali liende shuleni. Mawe ni mengi. Kupungua moja ni nini?

Tukalitia mkobani, chini ya kitambaa. Hatukumwambia mtu. Na hapo ndipo tungalipaswa kujua, maana jambo ambalo mtu hataki kumwambia mwenziwe, moyo wake umekwisha kulihukumu.

PICHA ZA IGELEKE

Siku ya pili tulikwenda Igeleke, kilometa chache kutoka mjini. Huko yako majabali makubwa, na jabali moja limeinama mbele hata likafanya pango lisilo na mlango, mahali ambapo watu wengi waweza kujikinga mvua. Chini ya paa hilo la mawe ndimo zilimo picha. Mwanzo jicho halioni ila madoa mekundu. Kisha, kama vile mtu azoeavyo giza la nyumba, picha zikaanza kutokea moja moja: watu wembamba, wanyama, na alama nyingine ambazo kila mmoja wetu alizisoma kwa namna yake.

Rangi yenyewe ni udongo mwekundu wenye kutu ya chuma, uliosagwa ukachanganywa na kitu cha kuushikiza, kama mafuta. Akina mama wetu waupakao udongo ukutani hawatashangaa kusikia kwamba wadumu, lakini huu umedumu kupita nyumba zetu zote. Jabali limeukinga na mvua na jua, nao umeingia katika mwamba wenyewe.

Picha za namna hii ziko pia katika nchi ya Kondoa, karibu na Kolo, nazo ni nyingi zaidi, katika mapango zaidi ya 150. Mwaka 1951 Bibi Mary Leakey na mumewe Louis walifanya kazi huko ya kuzinakili kwa mkono, na mwaka 2006 shirika la UNESCO likaziandika katika orodha ya urithi wa dunia. Hata hivyo huko Kondoa watu wamechimba mashimo chini ya picha wakitafuta mali iliyodhaniwa kufichwa na Wajerumani. Wageni wengine nao humwagia picha maji ili rangi ing'ae wapate kupiga picha nzuri, na maji hayo yakikauka huacha chumvi ambayo yala rangi. Hivyo apendaye kuziona aweza kuziharibu sawasawa na asiyezijali.

Pembeni mwa jabali tuliona majina yaliyoandikwa kwa mkaa: jina la mtu, na mwaka, na jina la msichana. Mwalimu mwenzetu akakasirika sana. "Mtu huyu hakufundishwa? Amekuja kuona kazi ya wazee, akaweka uchafu wake!" Nasi tukaungana naye kwa sauti kubwa. Tukasema mengi juu ya vijana wa siku hizi.

Bibi alikuwa ameketi juu ya jiwe akipumzisha miguu. Akasema polepole, "Labda hakutaka kuharibu. Alitaka tu asiondoke mikono mitupu."

Wasomaji, mkoba ulikuwa begani mwetu. Maneno yale hayakutajwa kwa ajili yetu, maana bibi hakujua lolote, lakini yalitupata. Yule kijana wa mkaa aliacha jina lake; sisi tulichukua jiwe. Yeye alikuwa mjinga wa jambo lile. Sisi tulikuwa tumefundishwa jana yake.

FUVU LA MTAWALA

Saa za mchana tulifika Kalenga, iliyokuwa boma la Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Watu wake waliwashinda Wajerumani huko Lugalo mwaka 1891. Wajerumani wakaja wakaiteka Kalenga mwaka 1894, naye akapigana nao porini miaka minne, hata mwaka 1898 akajiua ili asikamatwe. Kichwa chake kikakatwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani.

Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliwaamuru Wajerumani walirudishe fuvu hilo kabla ya miezi sita. Miezi sita ikapita, ikapita na miaka 30. Hata mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Sir Edward Twining, alikwenda mwenyewe katika nyumba ya makumbusho ya Bremen. Huko aliona mafuvu mengi yaliyotoka Afrika, wala hakuna aliyeweza kusema kwa hakika hili ndilo. Basi wakapima. Walipima mafuvu, wakalinganisha na vipimo vya vichwa vya jamaa za Mkwawa, wakachagua lililokaribiana. Tarehe 19 Juni 1954 likarudishwa Kalenga, na hata leo liko hapo. Wahehe walilipokea kwa heshima kubwa, wala si kazi yetu kupunguza heshima hiyo. Lakini tazameni: kichwa cha mtu mkubwa, ambaye maelfu walimjua, kiliondolewa mahali pake, na baada ya miaka 55 kilitafutwa kwa kipimo. Ikiwa yalikuwa hivyo kwa mtawala, sembuse jiwe lisilo na jina?

MANENO YA BIBI

Usiku ule, baada ya chakula, tukalitoa jiwe mkobani, tukaliweka mezani, tukawaambia wenzetu. Mwalimu yule aliyekasirikia mkaa alinyamaza, tena tuliona kwamba alituhurumia, na huruma hiyo ilikuwa kali kuliko lawama. Baba wa kijana alisema kwamba mradi limekwisha kutoka, basi liende shuleni, maana kulirudisha ni gharama na kuchelewa. Mama wa kijana akasema hapana, lirudi.

Ndipo bibi akaomba ruhusa ya kusema. Twayaandika maneno yake kama tuyakumbukavyo.

"Mwaka 1972 tulipokimbia Burundi mimi nilikuwa msichana. Mama alibeba sufuria, mimi nilimbeba mdogo wangu mgongoni. Hatukubeba karatasi hata moja. Mwaka wa pili tukaletwa Katumba, tukapewa pori tulilime. Tangu siku ile, kila tulipoulizwa habari zetu, wewe ni nani, wa kilima gani, baba yako nani, mimi sikuwa na kitu cha kuonyesha ila watu. Alikuwapo mama mmoja wa kilima chetu, naye alipewa shamba karibu nasi. Yeye ndiye aliyesema, huyu ni mtoto wa fulani, nilikuwapo alipozaliwa. Angalikufa njiani, nani angalinijua? Jiwe lako hili, Mwalimu, lilikuwa na majirani. Umelitoa kwao, ukalitia katika mkoba. Sasa nani atalisemea?"

Hakuna aliyejibu. Ninyi wa Katumba mwajua uzito wa maneno hayo. Mwaka 2007 serikali ilipofungua mlango wa uraia kwa waliokuja mwaka 1972, na watu zaidi ya 160,000 wakakubaliwa, na vyeti vikaanza kugawanywa mwaka 2014, ni nyumba ngapi za Katumba, Mishamo na Ulyankulu zilizokaa usiku kucha zikiwauliza wazee: tulizaliwa wapi, nani alikuwapo?

KURUDISHA

Asubuhi ya kuondoka tulikodi gari dogo, tukaenda Isimila kwanza, tukakata shauri kupandia basi njiani. Kiongozi alipotuona tumerudi alidhani tumesahau kitu. Tukalitoa jiwe, tukasema habari yote, wala hatukutaja watoto wa shule, maana wakati ule ingekuwa kujitetea.

Hakupiga kelele. Alitukumbusha kwamba iko sheria ya mambo ya kale tangu mwaka 1964, na kwamba kuondoa kitu kama hicho bila kibali ni kosa mbele ya serikali, si utovu wa adabu tu. Kisha akauliza swali moja: "Mnapakumbuka mahali mlipoliokota?"

Tukasema ndiyo, karibu na nguzo ndefu, upande wa kushoto. Tukatembea naye. Nguzo ndefu zilikuwa nyingi, na kila moja ilikuwa na upande wa kushoto. Tulizunguka karibu nusu saa. Pale tulipodhani ndipo, mchanga ulikuwa umekanyagwa na wageni wengine. Mwisho tukasimama, tukasema kwamba hatujui.

Tukamwambia pia lile wazo letu la mvua, kwamba maji yangalilichukua. Akajibu, "Ni kweli, maji huyachukua. Lakini jiwe lililoburutwa na maji huonekana, kingo zake hulainika, nasi twajua kwamba limesafiri. Jiwe lako lina kingo kali. Atakayeliona kesho atadhani halijasafiri hata hatua moja. Litamdanganya, nalo si kosa lake."

Akalipokea. Akaandika katika daftari kwamba limerudishwa, na kwamba mahali lilipotoka hapajulikani. Akasema, "Litakuwa jiwe la kuonyesha wageni, Mwalimu. La ushahidi haliwi tena."

Kabla hatujaondoka tuliomba ruhusa ya jambo moja, akatupa. Tuliliweka jiwe juu ya karatasi, tukazungusha kalamu kandokando yake, tukapata umbo lake kamili. Karatasi hiyo ndiyo tuliyoleta Katumba. Watoto wa darasa la tano waliweka mikono yao juu ya mchoro mmoja mmoja, wakapima viganja, wakabishana nani angaliweza kulishika. Walifurahi kama wangaliona jiwe lenyewe. Msichana mmoja akauliza, "Jiwe liko wapi sasa?" Tukamwambia, liko Isimila. Akauliza, "Mahali gani pa Isimila?" Ikatubidi tuwaeleze darasa zima kwa nini hatuwezi kumjibu.

MASHAURI KWA NYUMBA NA SHULE

Kwa kuwa ukurasa huu ni wa kusaidiana, twaongeza mashauri machache.

La kwanza. Hata kwetu vitu vya kale viko. Upande wa Ufipa yako matanuru marefu ya udongo ambamo wazee waliyeyusha chuma, na mkulima aweza kukuta mavi ya chuma, vigae vya vyungu au jiwe la kusagia shambani mwake. Mtoto akiona kitu kama hicho, afundishwe kutokiondoa. Na amwite mwalimu. Mwalimu aandike ni shamba gani, kina gani, na kitu gani kilikuwa karibu, kisha apeleke habari kwa ofisi ya kijiji, nao waipeleke kwa afisa utamaduni wa wilaya.

La pili. Mkienda kutazama picha za mapangoni, msiziguse, msizimwagie maji, msiwashe moto chini yake, wala msiandike majina. Daftari na kalamu vyatosha kuleta nyumbani mlichoona.

La tatu. Zibeni makorongo yenu yangali madogo. Pandeni majani na miti juu yake, tena msilime kwa kufuata mteremko. Isimila ni pazuri kutazama, lakini hakuna alimaye ndani yake.

La nne, nalo ndilo tuliombalo zaidi. Waliokuja mwaka 1972 wakiwa watu wazima wamebaki wachache, na waliokuja watoto sasa ni wazee. Kila nyumba ichukue daftari mwezi huu, ikae na bibi au babu, iandike: tulitoka kilima gani, jirani zetu walikuwa akina nani, nani alikufa njiani na wapi, nani alitupokea, shamba la kwanza lilikuwa wapi. Msiandike majina matupu. Kila jina liandikwe pamoja na majirani zake. Bibi yetu wa safari ameanza, na mjukuu wake aliyehitimu ndiye mwandishi. Jioni tatu zimekwisha kupita, nao wangali kwenye habari za kilima cha kwao, mto hawajauvuka.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutaandika juu ya kuhifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi. Watakaokuwa wameanza daftari zao watuarifu.